Udongo Kwenye Sinki la Keki

Gaudens alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake wa afya bandarini. Akipanda meli kukagua, kila sinki la kunawia atakalolikuta njiani lazima anawe. Kapteni anaweza kukudanganya, alikuwa anasema, daktari wa meli anaweza kukuficha, ila sinki haliwezi. Litakwambia sabuni ipo au haipo, maji ya moto yanatoka au yanakohoa, na zile karatasi za kufutia mikono ni za siku zote au zimebandikwa jana baada ya watu kusikia mkaguzi anakuja. Mpaka anashuka melini, vidole vimemkunjamana kama vya mama aliyefua mashuka ya ukoo mzima.

Asubuhi hiyo meli iliyofunga gatini ilikuwa ya watalii. Nyeupe, ndefu, ghorofa juu ya ghorofa, hata watu wa Kurasini waliokuwa wanawahi makazini walisimama kidogo wakaikodolea macho. Juu yake ilipepea bendera ya njano, maana yake hashuki mtu mpaka watu wa afya waseme ndiyo. Na watalii walikuwa tayari. Kofia wameshavaa, mafuta ya jua wameshajipaka, mabasi yanawangoja nje ya geti na injini zinaunguruma.

Gaudens alipanda na mwenzake Nusaiba, mtu wa Temeke kuzaliwa na kukulia, mama wa watoto wawili, ambaye mdomo wake haukufungwa spidi gavana.

"Mzee Gaudens," alisema wakipanda ngazi, "leo unawe kwa haraka. Hii meli ina masinki mengi kuliko Temeke nzima."

"Kwani unakimbilia wapi?"

"Mie sikimbilii. Hao wenye kofia ndo wanakimbilia."

Walipokelewa na Mfilipino mmoja mfupi, mpole, jina lake Ramil, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa usafi melini. Waliongea naye Kiingereza. Kiingereza cha Gaudens kilikuwa cha kazini, chenye viraka lakini hakivuji. Ramil akawaeleza kwamba daktari wa meli alikuwa na abiria wachache waliosumbuliwa na matumbo, wote wamepona, hakuna jipya tangu juzi.

"Vizuri," alisema Gaudens. "Tutembee."

Wakatembea. Wakapima dawa kwenye maji ya bwawa la kuogelea. Wakaingia kwenye majokofu makubwa kama vyumba, ambako Nusaiba alitoka akitetemeka anasema huko ndiko atakakohamia mwezi wa pili joto likizidi. Wakaangalia mafagio na matambara ya kupigia deki, ya chooni rangi yake, ya jikoni rangi yake. Kila kitu kilikuwa kinang'aa, na Gaudens akawa ananawa tu, anaridhika, anasonga mbele.

Wakafika jiko la keki.

Hapo aliponawa, maji hayakuteremka. Yalizunguka, yakasita, yakaacha alama ya kahawia pembeni mwa sinki. Gaudens akafunga bomba. Akawasha tochi ya simu, akachungulia tunduni. Akaomba kijiko, akachokoa, akatoa tope.

Ramil alipoliona rangi ilimtoka. Tope kwenye sinki la meli si jambo la kuchekea. Kama limetoka kwenye mabomba, basi kuna kitu kimeharibika kwenye matangi, na kama matangi yameharibika watu wote wale wanakunywa uchafu, na hiyo bendera ya njano haitashuka leo wala kesho. Akaanza kueleza mambo ya machujio na vipimo vya maji, anaongea haraka, jasho linamtoka.

Gaudens hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameinua kijiko puani. Tope lile halikunuka kutu wala uozo. Lilinukia ile harufu ya vumbi mvua inapodondoka mara ya kwanza baada ya kiangazi. Aliijua harufu hiyo. Mkewe, Tekla, alikuwa nayo mdomoni mimba zote alizobeba.

Akampa Nusaiba kijiko bila kusema neno.

Nusaiba alinusa mara moja tu. "Mzee, huu si udongo wa kula? Ule wanaouza sokoni wameufinyanga kama vidole? Mie mtoto wangu wa kwanza nadhani alizaliwa tofali."

"Ndiyo huo."

"Basi humu jikoni kuna mjamzito."

Gaudens akamuuliza Ramil ni mwanamke gani anafanya kazi kwenye jiko la keki. Ramil akashangaa swali lenyewe. Hakuna, akasema. Hapa ni wanaume watupu, na jikoni hapa haingii mtu wa sehemu nyingine, ni marufuku.

Wakatazamana. Wanaume wa keki walikuwa pale pale wanaendelea na kazi, mmoja anapiga mayai, mwingine anasukuma unga, watu wa mataifa yote, kofia nyeupe kichwani. Gaudens aliwapitisha macho mmoja mmoja, na udadisi ukawa unamtekenya kama siafu kwenye soksi. Nani sasa? Lakini Nusaiba hakuwa mtu wa kusubiri. Alishika kiuno, akapaza sauti kwa Kiswahili cha Temeke:

"Jamani! Humu ndani nani ana mimba?"

Mpiga mayai akaendelea kupiga mayai. Msukuma unga hakugeuka. Kule kwenye oveni trei ikaanguka, mikate midogo ikatapakaa sakafuni.

Aliyeiangusha alikuwa kijana mwembamba, macho yameingia ndani. Kabla hata hajaokota alisema, "Shikamoo mzee. Shikamoo dada."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Stephano. Nakaa Kigamboni, ila kwetu hasa Masasi."

"Haya Stephano," alisema Nusaiba, "una miezi mingapi?"

"Si mie, dada. Ni mke wangu. Mie nambebea tu."

Nusaiba akafunika mdomo na kiganja. Gaudens hakucheka. Tekla alipokuwa na mimba ya kifunguamimba, yeye Gaudens ndiye aliyekuwa hawezi kusikia harufu ya kitunguu kikikaangwa, na Tekla alikaanga na kula anavyotaka. Hajawahi kumsimulia mtu kazini.

"Eleza," alisema.

Stephano akaeleza, sauti ya chini, kama yuko zahanati. Aliondoka nyumbani mkewe, Recho, hajajijua. Kichefuchefu kilimwanza yeye huku baharini, akadhani ni mawimbi. Recho alipopiga simu kusema ana mimba, ndipo akaelewa. Akawa anatamani vitu vya ajabu, ndimu, mchele mbichi. Meli ilipotia nanga Unguja alishuka akanunua udongo, maana ndio pekee uliokuwa unamtuliza. Anaula pale kwenye sinki, kageukia ukutani.

"Na unatapika?"

Stephano akainama, akaanza kuokota mikate.

"Nakuuliza kama mtoto wangu. Unatapika?"

"Natapika, mzee. Asubuhi. Leo pia."

"Daktari wa meli umemwambia?"

"Nitamwambiaje? Akisikia mpishi katapika ananifungia chumbani. Na hii si ugonjwa, ni mimba!" Akasogea karibu. "Mzee, leo ndiyo siku yangu ya kushuka. Meli inaondoka jioni. Recho yuko hapo tu ng'ambo, ukivuka na pantoni umefika. Nimemuacha tumbo bapa, sijaliona mpaka leo. Na mkataba bado mrefu, atajifungua sipo. Nipeni hata saa mbili."

Ramil alikuwa anageuza shingo huku na huku. "Anasema nini?" aliuliza.

Gaudens akatafuta Kiingereza cha jambo hilo, akakosa kizuri, akatumia alichonacho. "Anasema anaumwa mimba ya mkewe."

Alitegemea yule bwana acheke au akasirike. Ramil hakufanya lolote kati ya hayo. Alimtazama Stephano kwa makini, halafu akauliza, bila mzaha kabisa, "Muulize kama mkewe alikuwa anamruka usiku akiwa amelala."

"Anamruka vipi?"

"Kwetu wazee wanasema mjamzito akimruka mumewe usingizini, kichefuchefu kinahamia kwa mume."

Gaudens akatafsiri. Stephano akashika kichwa. "Kila alfajiri! Kitanda tumekisogeza ukutani, na yeye ndiye analala upande wa ukuta."

Gaudens alipolirudisha jibu kwa Kiingereza, Ramil aliinua kidole kama daktari aliyepata majibu ya vipimo.

Lakini kazi ilibaki kazi. Gaudens alijua jambo moja bila shaka: mpishi anayetapika ni mpishi anayetapika. Labda ni mimba ya Recho. Labda ni wale wadudu wa matumbo walioangusha abiria, na hao hawaulizi mtu kaoa au hajaoa. Kwa macho huwezi kutofautisha. Na aliyekula udongo kwa vidole kisha akashika unga wa watu, awe na sababu gani, ameshika unga wa watu. Angemruhusu avuke, angekwenda kumkumbatia mjamzito, na pantoni lile limejaa watu.

"Stephano, huwezi kwenda nyumbani leo," alisema. "Njia ni mbili. Ubaki melini chumba cha peke yako mpaka daktari aridhike, kazi yako utaikuta. Au nikushushe kama mgonjwa, ulazwe huku kwenye uangalizi. Ila meli itakuacha."

"Na nikilazwa, Recho ataniona?"

"Kwa dirishani."

Kijana akatazama zile trei, kofia yake nyeupe mkononi. Alionekana kama mtu anayetaka kusema nishusheni. "Naomba nimpigie kwanza," alisema.

Akampigia, akaweka sauti ya juu. Recho alipokea huku anatafuna kitu.

"Mume wangu! Mshafunguliwa? Mie nishaoga zamani."

"Recho, kuna ishu." Akamweleza yote.

Kutafuna kukakoma. "Yaani ukishuka huko, meli inakwenda zake?"

"Inakwenda."

"Basi usishuke. We Stephano, kazi umeihangaikia weee, leo uiache sababu ya ndoo ya matapishi? Mtoto akiuliza baba anafanya kazi gani nimwambie alilazwa? Kaa hukohuko." Akavuta pumzi, sauti ikabadilika. "Tena nilishakupikia. Kisamvu, nimekiunga na nazi ya..."

Hakumaliza. Kwenye lile neno kisamvu Stephano alikuwa ameshapiga magoti mbele ya pipa la taka.

"Haloo?" Recho aliita. "Anatapika? Mwambieni pole! Mie mwenzenu hata siku moja sijatapika, najilia tu."

Basi mambo yakajipanga yenyewe. Keki zote za asubuhi hiyo zilimwagwa, na watu walioshuhudia walisema ilikuwa kama msiba. Jiko la keki likafungwa, likaoshwa kwa dawa kuanzia dari. Sampuli zikachukuliwa, udongo ukatiwa kwenye mfuko. Maji ya matangi yalipimwa yakaonekana salama, abiria wakaulizwa tena wakaonekana wazima, na bendera ya njano ikateremshwa. Wenye kofia wakashuka kama nzige.

Kilibaki kitu kimoja. Gaudens akataka kukiona chumba atakachofungiwa mpishi. Kilikuwa huko chini kabisa, hakina dirisha.

"Hiki hapana," alisema.

"Kina hewa ya mashine," alisema Ramil.

"Mtu anayetapika anataka hewa ya kweli. Mna vyumba vya abiria vitupu?"

"Viwili vitatu."

"Mpeni chenye kibaraza. Upande wa kulia."

"Kwa nini kulia?"

"Hewa ya kulia ni nzuri zaidi."

Ramil akamtazama. Halafu akageuka, akatazama mdomo wa bandari, ng'ambo kule majengo ya Kigamboni, na njia ya maji ilivyo nyembamba pale meli zinapotokea. Akakubali kwa kichwa. "Kweli," alisema. "Hata mimi nimesikia hivyo kuhusu hewa ya kulia."

Jioni, kazi ikiwa imekwisha, Nusaiba akaelekea kwake Temeke. Gaudens alitakiwa apande basi la Kipawa, Tekla anamsubiri. Lakini miguu ilimpeleka Magogoni, akapanda pantoni akavuka. Alijiambia anakwenda kuhakikisha yule mama yuko mzima. Ukweli ni kwamba kuna swali lilikuwa limemkaa kooni kutwa nzima.

Recho alikuwa amesimama pale Gaudens alipomwelekeza kwa simu mchana, kando ya maji, mbali kidogo na vurugu za wauza samaki. Mwanamke mnene, mchangamfu, dera la njano, anakula embe bichi na pilipili.

"Shikamoo mzee. We ndo wa afya?"

"Marahaba. Ndiye mimi. Sasa binti, naomba nikuulize. Kweli hujatapika hata mara moja? Wala kizunguzungu?"

"Hata kimoja. Majirani wananionea wivu. Nalala, naamka, nakula. Mateso yote anayo yeye."

Gaudens alitaka kuuliza zaidi, lakini honi ilipigwa na meli ikatokea. Ilipita karibu kiasi cha kuona nyuso za watu. Kwenye kibaraza kimoja, peke yake, barakoa usoni, alisimama Stephano akipunga mikono yote miwili.

Recho hakupunga. Aligeuka ubavu, akalivuta dera nyuma likabana, tumbo likajitokeza lote kama mwezi. Akakaa hivyo, hatikisiki.

Kule juu mikono ya Stephano ikashuka. Aliliangalia lile tumbo meli inavyosogea, ameegemea chuma, hafanyi kitu. Kisha na yeye akageuka ubavu, akapandisha fulana, akalitoa tumbo lake jembamba mbele kwa nguvu zote. Watalii wa vibaraza vya jirani, bila kujua wanashangilia nini, wakapiga makofi.

Recho alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akayafuta kwa kiganja, akaendelea kuangalia mpaka kibaraza hakionekani tena, meli imeshika bahari kuu. Halafu embe likamdondoka.

"Mzee, ngoja kidogo," alisema.

Akatembea haraka hadi nyuma ya ukuta, akainama, Gaudens akamsikia anatapika. Alimfuata na chupa yake ya maji, kichwani anapanga maswali yote ya kazi: umekula nini, tangu lini, nani mwingine nyumbani. Recho akasukutua, akatema, akasimama kashika ukuta, anahema.

"Mjinga huyu," alisema, macho baharini. "Kanirudishia."