Kitu Cheupe Mizizini

Mwaka wa sitini na mbili, Wazungu wengi wa pwani walipoanza kufunga masanduku yao, shule aliyosomesha Mwanarehema kule Mtongwe ililetewa makasha mawili ya vitabu visivyo na mwenyewe. Mwalimu Rispa, mkuu wa shule, akamchagulia kimoja. Kilikuwa hakina jalada wala jina la mwandishi.

"Chukua, wewe unayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza," alimwambia. "Ni cha mwanamke wa zamani sana, miaka mia na hamsini na zaidi. Kila siku aliandika alichokiona nje ya nyumba yao, na baada ya siku kadhaa akakitungia shairi."

Mwanarehema alikipeleka nyumbani. Mama yake, Bi Mwanatabu, alikuwa haoni tena, mwaka wa tano huo. Basi kila baada ya sala ya alasiri wakawa wanaketi upenuni, binti akisoma Kiingereza kimoyomoyo na kukitoa kwa Kiswahili. Kitabu kiliwapa la kuzungumza, maana wawili hao walikuwa hawana maneno mengi tangu Boga alipopotea. Boga alikuwa kitinda mimba. Miaka mitatu nyuma, asubuhi moja ya masika, hori iliyokuwa ikimvusha kwenda kazini Kilindini ilipinduka. Wenzake waliogelea wakatoka. Yeye hata maiti yake haikuonekana.

Bi Mwanatabu hakupata kuiona theluji maishani mwake, lakini aliielewa mara moja siku mwandishi aliposema kwamba vilima vimeamka vimefunikwa shuka, kama vyombo vya nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Aliposikia kwamba ukungu uliteremka mlimani taratibu kama ng'ombe wanaoijua njia ya zizini, alicheka na kupiga paja.

"Mwanamke huyu ana macho, wallahi. Hanambii kitu ni kizuri. Ananipa nikione mwenyewe."

Mashairi hakuyapenda sana. Mwanarehema alipofika kwenye shairi, mama alitega sikio kidogo kisha akapunga mkono. "Hapa ashaanza kujipamba. Nirudishie siku yenyewe."

Wiki ya tatu ndipo mambo yalipogeuka.

"Leo nilitembea hadi ziwani," Mwanarehema alisoma. "Ule mti mweupe umeinama juu ya maji..."

"Kama mtu anayeosha nywele," akasema mama.

Mwanarehema aliinua uso. Maneno yalikuwa hayo hayo, na alikuwa hajayatamka.

"Umejuaje, mama?"

"Endelea."

Akaendelea, sauti imemshuka. Mwandishi alieleza ndege aliyekuwa ng'ambo ya maji, aliyeita mara mbili kisha akangoja, kama anayetarajia kujibiwa. Kabla hajaimaliza sentensi hiyo, ndege aliita kutoka kwenye mikoko iliyo nyuma ya nyumba. Mara mbili. Kisha kimya. Mwanarehema alizaliwa pale na ndege wa pale aliwajua, lakini sauti ile hakuwahi kuisikia. Kuku waliokuwa wakiparura uani walisimama wote, wakaelekeza vichwa upande mmoja.

"Soma, mwanangu," mama akasema. "Usiwate hapo."

"Maji ya ziwa yamepungua, na chini ya ule mti mizizi imetoka nje. Katikati ya mizizi niliona kitu cheupe. Nilidhani ni mwanakondoo. Sikukaribia. Nilirudi nyumbani na chakula hakikupita."

Hapo siku ile ilikwisha. Shairi lililofuata lilikuwa refu, tamu, la mwanakondoo aliyelala kando ya ziwa huku mawimbi yakimbembeleza. Mara hii Bi Mwanatabu hakupunga mkono. Alisikiliza mpaka neno la mwisho.

"Mwongo," alisema polepole. "Si siku zote. Leo tu. Aliloliandika jioni ile ni kweli, maana hofu ingali mbichi. Shairi alilitunga baadaye ili apate kulala. Mwanakondoo hamkoseshi mtu chakula."

"Aliona nini, basi?"

"Aliona mtu. Na alijua ni mtu." Mama akamgeukia, macho yale yasiyoona yakatua usoni pake sawasawa. "Na wewe, Mwanarehema?"

"Abee?"

"Wewe uliona nini?"

Kitabu kilimtoka mkononi kikaanguka chini. Kwa miaka mitatu alikuwa amejiambia kwamba alimwona yangeyange, yule ndege mweupe. Siku ya pili baada ya hori kupinduka, akipita peke yake ukingoni kuwatafuta waliokuwa wakimtafuta ndugu yake, aliona cheupe chini ya mkoko uliolalia maji. Shati la Boga lilikuwa jeupe. Kile cheupe hakikuruka, wala hakikutikisika, na yeye alikaza mwendo akapita. Alipowakuta watu aliwaambia kwamba upande ule hakuna kitu.

Alimweleza mama yote, akilia kama mtoto.

"Niliogopa kumwona vile, mama. Nilisema nikirudi nitatazama vizuri. Niliporudi, maji yalikuwa yamejaa."

"Tangu siku ile hujatia samaki kinywani," Bi Mwanatabu alisema. "Mimi sioni, lakini nasikia sahani. Nilikuwa nakungoja useme." Hakumlaani, na hakumwambia kwamba amemsamehe. Alisema tu, "Bamvua ni Ijumaa, maji yatatoka mbali. Tutakwenda."

Ijumaa, maji yalipokupwa mpaka mwisho, walikwenda pamoja na Nguma, mkata boriti aliyeijua mikoko yote ya ghuba ile. Mama aliketi ukingoni juu ya gogo. Nguma na Mwanarehema walivua viatu wakaingia topeni. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, lakini chini ya majani kulikuwa na ubaridi uliopanda kutoka kwenye tope lenyewe. Hakukuwa na kaa hata mmoja nje ya tundu lake.

Nguma akasimama ghafla.

"Nani huyu anayeingia topeni na viatu?"

Mbele yao kulikuwa na nyayo. Zilikuwa nyembamba, za kike, zenye alama ya kisigino. Zilianzia katikati ya tope na nyuma yake hapakuwa na kitu, kama mtu aliyeshuka kutoka hewani. Zilielekea kwenye mkoko uliolalia maji. Hatua kumi kabla ya mkoko zilikoma, na pale visigino vilikuwa vimezama sana, kama vya mtu aliyesimama kwa saa nyingi. Kisha ziligeuka, zikarudi hatua mbili tatu, zikaisha. Maji yalikuwa yakijikusanya ndani yake wakati ule ule.

Nguma alisoma Bismillahi akajifuta uso. Kutoka ukingoni, asikoweza kuona wala kusikia walichonong'ona, Bi Mwanatabu akapaza sauti:

"Yule mwandishi alisimama hapo! Wewe usisimame, mwanangu!"

Mwanarehema alizipita zile nyayo akihisi upande wake wa kushoto mtu anayepumua, na hakugeuka. Alipiga magoti kwenye mizizi, akatia mikono topeni hadi viwikoni. Alichokigusa kwanza kilikuwa bizimu ya shaba ya mkanda wa Boga. Kisha akamgusa Boga mwenyewe, kilichobaki cha Boga, kimeshikwa na mizizi kama kilivyoachwa.

Ndege akaita juu yao mara mbili. Kule ukingoni mama akajibu, "Labeka, baba! Tumekuja!"

Mudiri wa serikali aliarifiwa, askari wakaja wakaandika. Jumapili mifupa ilitiwa sanda, ikaswaliwa, na wanaume wakaizika makaburini Mtongwe. Kesho yake Mwanarehema alimshika mama mkono akampeleka. Wakasimama mbele ya udongo mpya.

"Nambie palivyo," mama akasema.

Mwanarehema akatazama. Akamwambia kimoja kimoja, bila haraka. Udongo mwekundu ulikuwa umepasuka upande wa miguu. Siafu walikuwa wameshapata njia. Kivuli cha mkanju kilifika kichwani pa kaburi kikakomea hapo. Akaendelea mpaka akavisema hata vile ambavyo hakupenda kuvitaja.