Pumzi ya Rula

Mtaani naitwa Rula. Nachora mabango ya maduka, na mstari wangu haupindi kwa sababu brashi ikigusa ubao tu, nabana pumzi. Nimezoea hivyo tangu ujana.

Sasa mazoea hayo yalitaka kunimaliza. Daktari alisema uvimbe kwenye pafu bado ni mdogo, ila moyo wangu hauwezi kuhimili upasuaji. Kilichobaki ni mionzi ya kulenga pale pale penye uvimbe. Kazi yangu ni kulala na kupumua sawasawa, maana uvimbe husogea na pumzi. Nilicheka. Kupumua tu?

Nikalazwa mikono juu kama mwizi aliyekamatwa, mwili umezama kwenye godoro gumu lililofinyangwa kwa umbo langu. Pua ikaanza kuwasha, makusudi kabisa. Mlango mzito ukafungwa. Darini palikuwa na mstari mwekundu wa mwanga, umenyooka ajabu. Jicho likaufuata, pumzi ikakwama, mashine ikazima, wala si mara ya kwanza.

"Mzee wangu, umebana tena," binti wa mashine akasema kwenye spika.

"Sijabana!"

"Mashine inaona. Tukishindwa leo, daktari ataamua kama tuendelee au tuache."

Tuache, halafu? Hofu ikanishika, sifichi. Nikafumba macho, mstari bado nauona. Ukutani hakuna hata dirisha.

"Mwite mke wangu hapo nje," nikasema. "Aje anigombeze."

"Akugombeze?"

"Nyumbani akianza tu, mimi usingizi huo."

Ugomvi wetu wa miaka yote ni huo. Punde sauti yake ikajaa chumbani kupitia spika.

"Haya, baba watoto. Ulipaka dirisha la jikoni rangi likiwa limefungwa, mpaka leo halifunguki. Nakohoa moshi kila siku. Nimesema, nimesema, wewe unakoroma!"

Mashine ikaanza kunguruma. Pumzi ikaingia, ikatoka, bila kuniuliza. Akahamia kwenye viatu vyangu mlangoni, kisha kwa dada yangu. Raha tupu.

Halafu sauti ikashuka. "Na ukiondoka, nani nitamsema? Eh? Nitausemesha ukuta?"

Kifua kikataka kukaza. Nilitaka kumjibu kwamba nasikia, siku zote nilikuwa nasikia. Lakini mashine ikinguruma, sikuruhusiwa kufungua mdomo. Machozi yakateremka mpaka masikioni, na mikono iko juu, siwezi kuyafuta.

Nikapumua. Mashine haikuzima.