Kugawa kwa Nane

Mume wangu ana kiburi cha kimyakimya, kile kibaya kuliko cha kelele. Ndiye aliyefunga kamera nane kwenye ghala la betri za magari, ambako mimi napokea oda na kaka yangu anatunza stoo. Siku alipomaliza kazi alimhakikishia bosi kwamba diski ingehifadhi picha za mwezi mzima, na aliondoka akitembea kama mwenye ghala.

Haukupita muda, katoni za betri zikapungua. Bosi akamkaba kaka. Kaka wala hakushtuka.

"Jumatatu ya wiki jana nilifunga stoo mzigo ukiwa kamili. Fungueni kamera mumuone aliyeingia."

Wakafungua. Jumatatu hiyo haikuwepo. Picha zilianzia siku chache tu nyuma, na ufunguo wa chumba cha mashine ya kurekodi alikuwa nao kaka mwenyewe. Hapo kosa likawa si wizi tu, ni wizi na kufuta ushahidi. Bosi akampa usiku mmoja wa kusema ukweli, la sivyo polisi.

Jioni hiyo mume wangu hakugusa chakula. Alikuwa kwenye kikokotoo cha simu, anazidisha, anafuta, anaanza upya. Nikamuuliza kulikoni.

"Nimeharibu," akasema. "Kasi ya kamera kurekodi huhesabiwa kwa megabiti, diski kwa terabaiti. Biti nane ndizo baiti moja, kwa hiyo unagawa kwa nane. Sasa jedwali la vipimo lililokuja na kamera lilishagawa, lilikuwa kwenye megabaiti tayari. Mimi nikagawa tena."

"Niambie kitu ninachokielewa, baba."

"Nilidhani terabaiti mbili zitabeba zaidi ya mwezi. Hazifiki hata siku sita. Diski ikijaa, picha mpya zinaandikwa juu ya za zamani. Hakuna mtu aliyefuta chochote."

Nilitaka kumrushia sahani, kisha nikataka kumkumbatia, maana kaka alikuwa amepona. Nikamwambia asubuhi amweleze bosi hivyohivyo. Akaitikia kwa kichwa. Nikalala fofofo, mjinga mimi.

Nilipoamka alishaondoka. Ghalani nikamkuta anatoka chumba cha mashine. Akaniambia ameshapunguza ubora wa picha, ili kuanzia siku hiyo diski itoshe mwezi kama alivyoahidi. Maana yake, hata mtu akiipima mashine sasa, kosa lake halitaonekana.

Ofisini kulikuwa na bosi, askari wawili, na kaka aliyevaa shati lililonyooshwa vizuri, kama mtu anayekwenda kuchukua cheti.

"Muulizeni shemeji," kaka akasema. "Mashine anaijua yeye. Shemeji, waambie."

Mume wangu akatazama sakafu. "Mashine haina tatizo, bosi. Kama picha hazipo, kuna aliyezifuta."

Nikalipuka. Nikamwita mwongo mbele ya wote. Nikaeleza megabiti, megabaiti, kugawa kwa nane mara mbili, na kwa hasira nikachanganya hiki na kile, nikaanza tena, nikachanganya tena. Askari mmoja akaficha mdomo kwa kiganja. Bosi akamgeukia mume wangu.

"Fundi, ni kweli?"

"Ana uchungu, bosi. Huyu ni kaka yake wa damu."

Nikamwendea, nikitaka kumshika shati, lakini kaka akaniwahi. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Basi, mdogo wangu," akaninong'oneza. "Usimsingizie mumeo kwa ajili yangu. Una watoto."

"Kaka, ni kweli! Amenieleza mwenyewe!"

"Najua unanipenda. Basi."

Nikalia kwa sauti. Kaka akanipapasa bega, halafu akamnyooshea mume wangu mkono kabla askari hawajamfunga pingu.

"Shemeji, msamehe dada yangu. Usimpige kwa haya aliyoyasema."

Mume wangu akaupokea ule mkono. "Nimeshamsamehe," akasema.