Sukari Yangu Kwenye Simu ya Mume Wangu

Vidole vilivyotobolewa tangu nikiwa darasa la tatu ni vyangu, lakini muuguzi alipopanga vifaa mezani aliviweka upande wa mume wangu. Alimwona ana simu mbili mkononi na miwani usoni, akaona huyu ndiye mwenye kuelewa mambo. Mimi nikabaki nimekaa pembeni kama mtu aliyekuja kumsindikiza mgonjwa.

Hospitali ilikuwa imepata mpango wa vifaa kwa sisi wenye kisukari aina ya kwanza, wale ambao miili yetu haitengenezi insulini hata tone, kwa hiyo bila kujichoma sindano hatuishi. Kila mgonjwa achague kifaa cha kupimia sukari na kifaa cha kuingizia insulini, ajaribu mwezi mmoja, kisha arudi kuandikishwa. Ukishaandikishwa, basi. Kubadilisha ni mpaka uje mpango mwingine, na muuguzi mwenyewe hakujua utakuja lini.

Alianza na pampu. Ni kisanduku kidogo unachokivaa kiunoni, kina insulini ndani na mrija unaoingia chini ya ngozi, kinakutilia kidogo kidogo mchana na usiku. Mume wangu ni fundi simu. Akiona kitu chenye kioo na vitufe anasahau kula. Alikigeuza, akakibonyeza, akakisogeza sikioni.

"Hii ndiyo mambo yote," akasema. "Tunachukua hii."

"Sista," nikasema mimi, "kazi yangu ni kuoka mikate. Nasimama mbele ya tanuri tangu alfajiri. Hiyo insulini ikikaa kiunoni na moto wote ule si itaharibika?"

Muuguzi akanitazama kama vile ndiyo kwanza ameniona. "Hapo umesema kweli. Joto linaiua insulini. Ungekuwa unajitilia maji tu."

"Basi atabadilisha kazi," akasema mume wangu, akacheka. Alicheka peke yake.

Pampu ikawekwa pembeni, nikabaki na kalamu zangu za insulini, zile za kuzungusha namba na kujichoma, ambazo kazini nazihifadhi kwenye pochi ya baridi mbali na moto. Zilibaki habari za kupima. Muuguzi akatoa kihisi, kidude cha ukubwa wa sarafu kinachobandikwa nyuma ya mkono, kina uzi mwembamba unaokaa chini ya ngozi na kusoma sukari bila kutoboa kidole. Vilikuwepo vya aina mbili. Kimoja kina kisomeo chake, unakitia mfukoni, namba unaiona wewe, kengele ya hatari unaisikia wewe. Kingine kinatuma namba kwenye simu yako, na kutoka hapo kwenye simu ya yeyote mliyemuunganisha. Moyo wangu ulikwenda kwenye kile cha kisomeo mara moja, na nikasema hivyo, kwa sauti, kwa Kiswahili.

"Hapana, cha simu," mume wangu akamwambia muuguzi. "Akitaka kuanguka mimi naona nikiwa kibandani kwangu."

Sitamnyima haki yake. Mwaka uliopita alinikuta sakafuni bafuni, nimelowa jasho, sukari imeshuka, simjui yeye wala jina langu. Alinitia sukari mdomoni kwa vidole vyake huku analia. Mimi nilipona jioni ileile. Yeye hajapona mpaka leo. Ndiyo maana nilinyamaza, nikajiambia ni mwezi mmoja tu, na ni kujaribu tu.

Kwa kuwa yeye ndiye fundi, alikiunganisha mwenyewe. Kihisi kwenye mkono wangu, programu kwenye simu yangu, namba zinaonekana kwangu, kwake, na kwa mama yake tunayeishi naye. Siku ya pili kengele ya ile programu ikawa inalia kazini kila nikimaliza chai, nikataka kuipunguza makali. Simu ikaniomba neno la siri.

"Neno la siri ni lipi?" nikampigia kumuuliza.

"Akaunti nimeifungua kwa jina langu," akasema. "Usijisumbue na mambo ya ufundi. Ukitaka kitu, niambie."

Yaani mwili ni wangu, ufunguo anao yeye. Nikawa naishi mwilini mwangu kama mpangaji, nikitaka kusogeza meza naomba ruhusa.

Baada ya hapo sikuwahi kukasirika tena nyumbani. Nilikuwa "nimepanda." Nilipouliza kwa nini amemwahidi mdogo wake kuja kukaa kwetu bila kunishirikisha, hakuniangalia usoni, aliangalia simu.

"Kumi na mbili," akasema. "Tutaongea ikishuka."

Ikashuka, na hatukuongea. Mama mkwe naye akajifunza haraka kuliko nilivyotarajia. Nikisema sufuria yangu isitumike kuchemshia nguo, anavaa miwani, anatafuta namba yangu, anatikisa kichwa kwa huruma. "Mwanangu, kunywa maji kwanza. Hayo siyo maneno yako." Unajua uchungu wa kuhurumiwa wakati una hoja? Ungetamani utukanwe.

Sisi waokaji tunaanza kazi watu wamelala, kwa hiyo mchana nikirudi nyumbani lazima nijinyooshe kidogo. Nina tabia ya kulalia ubavu wa kushoto, na kihisi kiko mkono wa kushoto. Muuguzi alikuwa ameeleza kwamba kikigandamizwa kinasoma chini kuliko ukweli, ila alimweleza mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa anatafuta sehemu ya kuchomeka chaja. Mimi nilisikia. Nikamwambia pia mama mkwe. Lakini simu ikilia mkononi mwa mtu mwenye hofu, maelezo yote yanayeyuka.

Mchana mmoja nimelala fofofo, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mama mkwe na chupa ya soda.

"Amka mwanangu! Amka, usinifie mikononi!"

Kabla sijafumbua jicho la pili soda ilikuwa mdomoni, nyingine puani, nyingine imeshuka sikioni na kuingia kwenye mto. Nikimeza nakohoa, nikikohoa anasema ndiyo dalili yenyewe, ananiongeza. Nilipofanikiwa kukaa na kutoboa kidole, sukari ilikuwa sawa kabisa. Haikukaa sawa muda mrefu, soda si maji. Muda si muda simu ikaita, mume wangu yuko kibandani kwake.

"Umepanda ghafla. Umekula nini?"

Ningecheka kama ingekuwa habari ya jirani.

Wiki ile niliulalia mkono ule kila mchana, na kila mchana simu zao zililia. Nilipoanza kulala ubavu wa kulia nilikuwa nimeshachelewa. Bila kunigusia neno, mume wangu alimpigia bosi wangu na kumwambia nashuka kila siku, na kwamba ipo siku nitaangukia motoni.

Kwenye kile kiwanda cha mikate wananiita Mama Tanuri. Tanuri letu ni la zamani, kona ya nyuma kushoto inaunguza, katikati inachelewa, na mimi ndiye ninayejua trei ipi izungushwe lini kwa kunusa tu. Nilianza pale nikifagia unga. Kufika mdomoni mwa lile tanuri kulinigharimu miaka na ngozi ya mikono, na ni kitu pekee duniani ambacho sikupewa na mtu. Asubuhi ile nilimkuta mwenzangu wa kukanda amevaa glovu zangu.

"Mumeo kanieleza," akasema bosi. Alikuwa mpole, na upole wake uliniudhi kuliko ukali. "Mimi sitaki kesi, Mama Tanuri. Kaa kwenye kufunga mifuko mpaka mambo yako yatulie. Mshahara ni uleule."

"Bosi, kile kifaa nilikilalia."

"Pole sana," akasema.

Nikafunga mifuko. Mikate ilikuja imeungua matako, naifunga hivyohivyo. Niliporudi nyumbani nilisema yote niliyokuwa nayo, na nilipaza sauti, sitaki kudanganya. Nilimwambia amenivua nguo mbele ya watu, na kwamba nimenyang'anywa tanuri langu kwa sababu ya usingizi.

"Kifaa hakidanganyi," mume wangu akasema. "Na sasa hivi uko kumi na nne. Tutaongea baadaye."

Mwezi ulipoisha tukarudi hospitali, chumba kilekile, muuguzi yuleyule. Akafungua kompyuta.

"Enhe, mmeamuaje?"

"Tumeridhika sana," mume wangu akasema. "Andika hichohicho cha simu."

"Sijaridhika," nikasema. "Kalamu zangu nabaki nazo. Kihisi nataka kile chenye kisomeo chake, nisiunganishwe na simu ya mtu. Nikishuka kitaniamsha mimi, na bafuni nitaingia nacho. Nikihitaji msaada nitaita, mdomo ninao."

Mume wangu akatabasamu kwa muuguzi, lile tabasamu la kuombea mtu radhi. "Usimchukulie vibaya, sista. Sukari ikipanda ndivyo anavyokuwa. Ngoja nikuonyeshe." Akatoa simu, akaigeuza ili wote tuone.

Tano nukta nane. Mshale umelala, haupandi wala haushuki. Kwenye vitabu vyao sijui kama kuna namba nzuri kuliko hiyo.

Muuguzi alitazama simu, akanitazama mimi. Mume wangu aliigusa ile namba kwa kidole, akafunga programu, akaifungua tena. Tano nukta nane.

"Basi," akasema taratibu, "labda kimeharibika."

Mwezi mzima kile kidude kilisema nakufa wakati nimelala, akakiamini. Kilisema nimerukwa na akili nilipokuwa na haki, akakiamini. Siku kiliposema mke wako ni mzima na anajua anachokisema, kimeharibika. Nilikunja mkono wa gauni, nikakibandua mbele yao, ngozi ikavutika, nikakiweka juu ya meza. Muuguzi hakusubiri kuambiwa mara ya pili. Aliandika nilichotaka, na safari hii maelezo alinipa mimi.

Njiani mume wangu alitembea hatua mbele, mara kwa mara anatoa simu, anaiangalia, anairudisha mfukoni. Nilimwonea huruma, na sikufurahia kumwonea huruma.

Kesho yake nilifika kazini mapema. Nilimwonyesha bosi kisomeo kipya, nikambonyezea aone namba. Nikamweleza habari ya kulalia mkono toka mwanzo, na nikamwambia yuko huru kumuuliza muuguzi. Alisikiliza yote. Mle ndani harufu ya kona ya nyuma kushoto ilikuwa imeshaanza kubadilika, na hakuna aliyekuwa anazungusha trei.

"Sawa, nimekuelewa," akasema. "Mimi sina neno. Mwambie tu mumeo anipigie."

Nikamjibu kwamba mume wangu hajawahi kutoa hata mkate mmoja kwenye tanuri. Bosi akacheka, akadhani namtania. Nikaenda kwenye mifuko.

Mume wangu nimemwambia siku ileile ampigie bosi. Amesema atapiga. Mama mkwe amesema nimpe muda, mwanamume akishaumia moyoni hakimbizwi. Mimi sasa nalala ubavu wowote niutakao, sukari yangu iko mfukoni mwangu, nafunga mikate iliyoungua matako, na mume wangu hajapiga.