Gauni la Mikono Mirefu

Duka la sita. Sikuuliza hata kitu. Nilisimama mlangoni nikayatazama magauni yalivyotundikwa, nikajua nimetoka kapa tena. Vifua wazi, mabega wazi, migongo wazi. Sijui nani aliwaambia mafundi wa mwaka huu kwamba kitambaa kimeadimika.

"Karibu mama," alisema mwenye duka, mwanamke mnene mwenye pini za cherehani zimechomekwa kifuani. "Unamtafutia nani?"

"Binti yangu. La jioni, refu, la mashindano ya urembo. Liwe na mikono."

"Ya kufika hapa?" Akajigusa chini ya bega.

"Ya kufika hapa." Nikamwonyesha kifundo cha mkono.

Akaangua kicheko. "Mama, anakwenda kushindana au anakwenda kutubu?"

Siku nyingine ningempa jibu lake. Mdomo ninao, na wanaonijua wanajua. Lakini siku ile ilikuwa Alhamisi, na wiki nzima nilikuwa nikitoka kazini naunganisha moja kwa moja na madukani. Mimi ni dobi. Kutwa nasimama mbele ya meza ya pasi nanyoosha mashati ya watu nisiowajua. Basi nikajikalia kwenye kigoda chake bila kukaribishwa, nikavua kiatu kimoja, nikakisugua kisigino. Sikuwa hata na nguvu za kuona haya.

Binti mwenyewe ni mtoto wa kaka yangu. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka miwili, na baba yake ni dereva wa malori ya mbali, mtu wa kuja na kuondoka, kwa hiyo nimemlea mimi. Shuleni walimwita Mlingoti kwa urefu wake, jina likamganda. Huniita shangazi; akiwa na jambo zito huniita mama.

Fainali ilikuwa Jumamosi, na wasichana walitakiwa kuvaa mara tatu. Vazi la kawaida tulikuwa nalo nyumbani. La ofisini niliazima kwa mwenzangu wa kazini. Hili la jioni ndilo lililonitoa jasho. Lenye mikono linamwishia kwenye muundi. Linalomfika chini halina mikono. Nililipata moja tu lenye vyote viwili, lakini ndani yake wangeenea akina Mlingoti wawili na nafasi ya kupumua ikabaki.

Na mikono yenyewe haikuwa ya heshima. Ilikuwa ya kufunika kovu. Mlingoti ana kovu kuanzia bega la kushoto hadi karibu na kiwiko, jembamba juu, pana chini, umbo la pasi kabisa. Alikuwa na miaka minne. Nilikuwa napiga pasi mezani, jirani akaniita dirishani, nikageuka kumjibu, na mimi nikianza kuongea simalizi leo. Mtoto akavuta waya.

Kile kilio bado ninacho masikioni.

Tangu siku ile nyumbani kwangu hakuna pasi. Watu hucheka, dobi asiye na pasi, nami huwaacha wacheke. Sare zake za shule nilizibeba kazini nikazinyoosha huko. Nguo zake zote nilimnunulia mimi, za mikono mirefu, jua liwake lisiwake, na miaka kumi na mitano hakulalamika hata mara moja. Sasa watu mia tatu watamkodolea macho chini ya mataa. Niliapa hawataliona kovu lile, hata kama itabidi nizunguke mji mzima kwa magoti.

Mwenye duka alipoona siondoki, akainama chini ya meza, akavuta gauni la satini ya kijani. Lilikuwa refu kweli. Upande wa kulia lilifunika bega. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu.

"Haliwezi kugeuzwa?" nikauliza. "Upande huu uje huku?"

"Likigeuzwa, mama, kifua kitakuwa mgongoni."

Hapo ndipo Mlingoti alipoingia, kanifuata mtaa ule kama tulivyopatana, ametoka mazoezini, sweta mwilini na jasho usoni. Akalitazama lile gauni, akalichukua akaingia nyuma ya pazia. Alipotoka, mwenye duka aliacha kutafuna alichokuwa anatafuna. Hata mimi nilisahau kisigino changu. Lilimkaa. Kisha macho yangu yakashuka kwenye bega la kushoto.

"Fundi ataongeza mkono," nikasema haraka. "Kesho asubuhi tu anamaliza."

"Asiongeze, shangazi. Nalitaka hivi hivi."

"Mwanangu, watu watakuona."

"Wenzangu wameshaona. Wiki ya tatu hii tunabadilisha nguo chumba kimoja. Waliuliza siku ya kwanza, nikawaambia niliungua utotoni, basi, tukaendelea kugombania kioo."

"Hao ni wenzako. Ukumbini je? Mimi nimezunguka wiki nzima, miguu imevimba, nakutafutia kitu cha kukusitiri..."

"Mama." Akakaa sakafuni mbele yangu, satini na vumbi pamoja. Mwenye duka akataka kusema neno, akalimeza. "Unakumbuka darasa la tano, nilirudi na fulana ya michezo? Ulikuwa unakula. Uliniangalia mkono, ukasukuma sahani, ukaenda kulala na jua bado liko nje. Kesho yake pia hukula. Tangu hapo nikajua, nikilitoa kovu nje huli. Ndiyo maana navaa mikono. Siyo kwa ajili yangu." Akajifuta jasho shingoni. "Na nimechoka, mama. Kuna joto."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Na chini ya aibu kulikuwa na hasira, Mungu anisamehe, kwa sababu nilidhani nimemlea mtoto, kumbe mtoto alikuwa ananilea mimi, na hakuniambia.

"Lifunge," nikamwambia mwenye duka. "Na vumbi lake."

Ijumaa alasiri niliporudi nyumbani nilimkuta Mlingoti amevaa singlendi, mabega yote nje, anatandika blanketi mezani. Juu ya blanketi kulikuwa na pasi. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu.

"Nimeazima kwa jirani," alisema. "Gauni limejikunja."

"Nipe, nirudi nalo kazini. Bado hawajafunga."

"Umetoka huko sasa hivi na miguu hiyo? Lipige hapa hapa, shangazi. Dobi ninaye, kwa nini nihangaike?"

Akachomeka waya ukutani. Akavuta kiti, akakaa kando ya meza, mkono wa kushoto juu ya blanketi, akaanza kunisimulia habari za viatu vinavyombana.

Satini hupigwa kwa ndani, moto mdogo, juu yake kitambaa chepesi. Hilo nalijua hata usingizini. Nililowesha kidole nikaigusa pasi, ikalia kidogo. Nikausogeza waya mbali na ukingo wa meza, nikaanza na pindo.

Nilikuwa nimefika kiunoni jirani aliponiita dirishani. Yule yule, amezeeka tu, anataka kujua kama pasi yake inashika moto sawasawa. Akaita tena, kwa sauti zaidi.

Sikugeuka. Nilimaliza gauni, nikachomoa waya, nikaipeleka pasi juu ya kabati. Ndipo nikamjibu.