Babu Anayeishi Ndani ya Kompyuta

Kwa miaka minne skrini ya kompyuta ya shangazi yangu ilikuwa kamba yangu ya kuanikia. Nilitundika pale futi ya kupimia, vipande vya nguo nilivyokwisha kukata, na siku za mvua hata soksi. Haikumkera. Shangazi haoni tangu akiwa na miaka thelathini, na kompyuta yake anaisikiliza tu. Mna programu humo inayomsomea kila kilichoandikwa, kwa sauti ya kike inayokwenda mbio kama mahindi yanayopasuka kikaangoni. Tuliiita Bi Haraka. Mimi nilikuwa naambulia neno moja katika kumi. Shangazi aliyapata yote kumi huku akichambua mchele.

Tunaishi wawili. Chumba cha mbele ndicho ofisi yetu: cherehani yangu iko dirishani, meza yake ya kompyuta imeegemea ukuta. Mimi shule iliishia darasa la saba, nikaenda kujifunza ushonaji. Yeye alikuwa opereta wa simu kiwandani miaka kumi na sita, mpaka kiwanda kikanunua mtambo unaojibu simu wenyewe. Tangu hapo alikuwa akisema, "Sauti yangu inashika kutu," halafu anampigia mtu yeyote ili tu aseme "habari za asubuhi" vizuri.

Kwa hiyo ofisi ya maji ilipotangaza kwamba inatafuta watu wa kupokea simu za wateja wakiwa nyumbani kwao, shangazi hakungoja tangazo liishe. Alimpigia msimamizi, mama mmoja mwenye kicheko cha kubana, wakazungumza kama watu waliokulia mtaa mmoja. Kazi ilikuwa karibu kabisa kuwa yake. Kikwazo kilikuwa kimoja: programu ya ofisi ile, ya kuandikia malalamiko ya wateja, haikukubali kukaa kwenye kompyuta yetu. Ilitaka mfumo mwingine. Fundi wa ofisi akaja kwenye simu kulieleza hilo, na shangazi aliweka spika nami nikasikia.

"Mama, futa kila kitu, uweke mfumo wetu."

"Mwanangu, humu najua kila kiti kilipo. Nikifuta nitajigonga mwaka mzima."

"Basi labda kompyuta ndani ya kompyuta. Mashine pepe. Ila hayo, samahani, ni mambo ya wenye macho."

"Ahsante," alisema shangazi. "Umenipa dawa na kofi kwa mkono mmoja."

Msimamizi akatupa mpaka Alhamisi, saa nne asubuhi. Angekuja mwenyewe na fundi wake. Shangazi akipokea simu moja na kuandika lalamiko moja bila kusaidiwa, kazi ni yake. Akishindwa, wanamwita anayefuata kwenye orodha.

Jumamosi, baada ya chai, aliniita.

"Polepole, njoo." Ndivyo anavyoniita, kwa sababu pindo la sketi ninaweza kulishona na kulifumua mara tatu. "Umewahi kuona mama mjamzito?"

"Nimewashonea wengi."

"Basi ndivyo itakavyokuwa. Kompyuta ndani ya kompyuta. Inakula kwa mdomo wa mama yake, lakini moyo ni wake. Tatizo, huzaliwa bubu. Mpaka mfumo wake ukae sawa, hakuna wa kunisomea. Hapo katikati nahitaji mtu mwenye macho na subira."

"Macho ninayo."

"Macho hata jirani anayo. Subira ndiyo niliyokuitia."

Nikaondoa soksi. Skrini haikuwaka. Tulitafuta waya wake wa umeme chumba hadi chumba, na mwisho tukaukuta umefunga godoro la wageni lililokunjwa, fundo nililolipiga mwenyewe. Shangazi alicheka hadi akakaa chini. Tulipouchomeka, skrini ikatoa mwanga, nikaona kwa mara ya kwanza mahali ambapo shangazi yangu hushinda kutwa nzima. Palikuwa na picha ya nyasi tu.

Kazi ikaanza. Ndani ya skrini kulifunguka dirisha, na ndani ya dirisha ile kompyuta ya pili ikawa inauliza maswali kwa Kiingereza, ambacho mimi nakijua kwa kukiona kwenye lebo za nguo. Basi sikusoma maneno, nilisoma herufi. Mimi nazitaja moja moja, yeye anaziunganisha, kama alivyokuwa akipokea majina kiwandani. Kisha ananiuliza, "Rangi iko kwenye kitufe gani?" Namwambia cha pili. Anabonyeza mshale. "Sasa?" Imehama cha tatu. "Hapo hapo."

Kuna swali moja lilinitoa jasho. Shangazi aliliunganisha, akatabasamu.

"Inauliza kama ifute diski yote."

Nikaondoa mkono wangu mezani. "Shangazi, nyimbo za kikundi chako zimo humo. Barua zako zimo."

"Hizo ziko nje. Hii diski anayoiona yeye ni chumba nilichompangia. Mpangaji hapaki rangi nyumba ya mwenye nyumba. Mwache afute."

Akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ulitambaa kwa saa mbili. Nilileta sketi ya mteja nikakaa nayo mbele ya skrini, kila mishono mitano nainua macho.

"Umefika wapi?"

"Umepita upana wa kidole."

"Na pindo?"

"Pindo limekwisha. Nalifumua."

Jumapili tukampa mtoto sauti. Shangazi ana rafiki, naye haoni, anayetengeneza kompyuta za watu kwa simu. Rafiki huyo akamtumia maelezo kwa sauti, nasi tukayafuata hatua kwa hatua, mimi bado nikiwa macho yake. Mchana kompyuta ya ndani ikafungua mdomo. Ilikuwa sauti ile ile ya Bi Haraka.

Furaha yetu haikudumu dakika kumi. Ukitoa amri moja, wanaitika wote wawili, kama kuita "mama" sokoni. Walikuwa wakigombana ndani ya spika moja, na shangazi, ambaye hajui yuko nje au ndani ila kwa kusikia, akawa amepotea nyumbani kwake.

"Mmoja abadilishwe sauti," nikasema. "Mimi nguo zinazofanana natofautisha kwa uzi."

Tukampa wa ndani sauti ya kiume, nzito, ya polepole. Akawa Babu. Kutoka kwa Babu kurudi kwa Bi Haraka kulikuwa na kitufe kimoja, pembeni chini mkono wa kulia. Huo ulikuwa mlango.

Ilisaidia, lakini haikutosha. Mara moja katika tano shangazi alijichanganya, maana Babu akiwa katikati ya sentensi, Bi Haraka anadakia. Jumatano aliandika lalamiko zima la bomba lililopasuka, tena kwa uchungu, akalituma. Lilikwenda kwa kikundi cha kuimba. Kiongozi wa kikundi akajibu kwamba anasikitika, na atakuja na ndoo.

"Kesho nikifanya hivyo mbele yao?" alisema shangazi. Hakucheka. Alikaa na mikono juu ya vitufe bila kubonyeza chochote. "Miaka minne bila kazi, Polepole. Sitaki kuwa mtu wa kuhurumiwa na fundi."

Nikapiga pasi blauzi yake ya bluu.

Alhamisi, saa nne kasoro dakika chache, kila kitu kiliwaka. Babu alikuwa amekwisha kuamshwa, programu ya ofisi iko wazi. Mlango ukagongwa.

Sasa, katika nyumba yetu iko sheria aliyotulea nayo bibi: mgeni akibisha, kinachosema ndani ya nyumba kinanyamazishwa. Redio huzimwa kabla ya "karibu." Mikono yangu inajua hivyo bila kuniuliza. Nikafungua mlango, nikawaamkia, nikawapa viti.

Msimamizi alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Fundi alikuwa kijana mwenye mkoba wa mgongoni, akatazama futi yangu iliyokuwa bado inaning'inia pembeni ya skrini.

"Na hii ni ya kazi gani?"

"Kupimia watu wanaosema mambo ya wenye macho," akasema shangazi.

Msimamizi akabana kicheko chake. Fundi akatabasamu kidogo, akatoa mkobani vipokea sauti vya kichwani, vyenye maiki mbele ya mdomo, vya ofisi. Akavichomeka. Shangazi akavivaa. Nilimwona anaitikia kwa kichwa: Bi Haraka yumo sikioni. Msimamizi akatoka barazani na simu yake, ajifanye mteja.

Simu ikaingia. Shangazi akaipokea, na nikaisikia ile sauti ambayo nilikuwa nimeisikia kwa hadithi tu, ya opereta, laini, isiyo na haraka. "Ofisi ya maji, habari za asubuhi. Nikusaidie nini?"

"Maji yamekatika siku ya tatu," alisema msimamizi barazani. "Na nina wageni."

"Pole sana. Nipe namba ya mita yako."

Shangazi akabonyeza kuingia kwa Babu. Akasubiri. Akabonyeza tena. Uso wake ukabadilika.

"Nivumilie kidogo," alimwambia mteja. Kisha, akiwa amefunika maiki kwa kiganja, akaninong'oneza, "Babu amekufa."

Fundi akasogea. "Imeganda. Hizi pepe ndivyo zilivyo, mama. Usijali, tutafanya siku nyingine..."

Mimi nilikuwa nikitazama skrini, maana ndiyo kazi niliyoifanya siku tano.

"Shangazi, bonyeza mshale wa chini," nikasema.

Akabonyeza. Rangi ikashuka mstari mmoja.

"Tena."

Ikashuka tena.

"Hajafa. Anatembea."

Mfu hatembei. Basi kama anatembea na hasikiki, anasema mahali tusipomsikia. Nilifikiri kama ninavyofikiri cherehani ikikataa kushona: usiulaumu mtambo, fuata uzi. Bi Haraka kahamia kwenye vipokea sauti vilipochomekwa. Babu aliamshwa asubuhi, vipokea sauti vikiwa bado mkobani mwa fundi. Pengine yeye hakuambiwa kwamba tumehama. Pengine bado anasema kwenye spika yetu ya zamani. Nikaitazama spika. Taa yake nyekundu ilikuwa imezimika. Na nikakumbuka nani aliizima, kabla ya kusema "karibu."

Nikanyoosha mkono, nikaiwasha.

"...NAMBA YA MITA," alisema Babu, chumba kizima, kwa utulivu wa mtu ambaye hakuwahi kunyamaza. "SEHEMU YA KUANDIKA. TUPU."

Fundi aliruka. Barazani msimamizi akauliza, "Huyo mzee ni nani?"

"Mwenzangu wa ofisini," alisema shangazi maikini, na mikono yake ilikuwa tayari inaandika. "Endelea na namba, mama."

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hatukulipanga. Hakujichanganya. Bi Haraka alikuwa sikioni, Babu alikuwa chumbani, kila mmoja na mahali pake, kama mtu anayezungumza kwenye simu huku mwingine akimsemesha kutoka jikoni. Nani asiyeweza hilo? Aliuliza mtaa, akaandika. Akauliza tangu lini, akaandika. Bi Haraka akadakia kitu, shangazi akampuuza kama anavyopuuzwa mtu wa sikioni. Babu akasoma lalamiko lote, shangazi akarekebisha neno moja, akatuma.

Simu ya msimamizi ikalia barazani. Akalisoma lalamiko. Alipoingia, alikuwa ameiinua ili fundi aione.

"Limefika. Tena na nukta zake," alisema. "Hao niliowaajiri wenye macho hawaweki nukta."

"Lakini wateja watamsikia huyo mzee," alisema fundi.

"Spika tutaipunguza, tuiweke karibu na kiwiko chake," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha.

Akanitazama. "Umejuaje kama sauti imebaki kwenye spika? Umesomea?"

"Nashona," nikasema.

Shangazi akavua vipokea sauti. "Mwambie na aliyeizima spika ni nani."

"Ni mimi," nikasema. "Wageni walibisha."

Msimamizi akaacha kubana, akacheka kicheko chake chote. Alipomaliza kufuta macho, alimshika shangazi mkono. "Jumatatu, saa mbili. Usichelewe kufika hapo mezani kwako."

Fundi alivisukuma vipokea sauti kuelekea kwa shangazi. "Hivi baki navyo, mama. Na nisamehe kwa lile neno."

"Nimekusamehe. Polepole, mpime shati, mabega yake nayasikia yamebanwa."

Kweli yalikuwa yamebanwa. Sijui alijuaje.

Jumatatu saa mbili na dakika tano mteja wa kwanza alipiga. Alikuwa binti, kwa sauti niliyosikia ikivuja sikioni mwa shangazi. Babu, kwenye kiwiko, akasoma namba ya mita kwa taratibu zake. Yule binti, kwa heshima zote, akasema, "Shikamoo babu."

Shangazi akaniangalia, yaani akanigeuzia uso, akajiwekea kidole mdomoni ili nisicheke.

"Marahaba, anasema," akajibu. "Haya, mama, mtaa gani?"