Dudu la Kiu

Javan wa kidato cha tatu ndiye aliyelizaa Dudu la Kiu, juma lile bomba la shule, huko karibu na Sindo, lilipokauka na kila mwanafunzi akabaki na ndoo yake ya maji ya ziwani. Aliwakusanya mamono, yaani watoto wa kidato cha kwanza, akawahutubia kwa sauti ya kasisi kaburini.

“Linafuatana na wale wadudu wa ziwani, linakuingia sikioni. Halikuamrishi kitu. Linabonyeza kiu tu, pale nyuma ya ubongo, nawe unaenda ziwani kwa miguu yako ukidhani ni shauri lako. Ukizama, linataga mayai.”

“Na tukimpata mtu analo?” akauliza Ombui, mono mwenye masikio makubwa, na kwa hivyo mwenye wasiwasi kuliko wote.

“Mfungieni mahali pakavu hadi jua lizame. Atalia, ataapa. Msimsikize. Hapo ni dudu linatumia mdomo wake.”

Kwa usalama wa umma, ndoo zote zikahamia chini ya kitanda cha Javan.

Jumapili, siku ya wazazi, alikula samaki wa chumvi, akanywa kikombe baada ya kikombe mbele ya mamono, kisha, Mungu amrehemu, akajikuna sikio.

Walimbeba mzimamzima hadi chumba cha masanduku, wakapiga kufuli. Bati la paa lilikuwa linawaka. Ulimi ukamkauka kwa kiu.

“Nyinyi! Nilidanganya! Hakuna dudu!”

“Limeanza,” Ombui akasema huko nje, kwa huzuni.

Javan akatisha, akabembeleza, akaahidi kurudisha ndoo.

“Lakini linasihi vizuri, omera, ndugu yangu,” mono mmoja akamnong’oneza Ombui. “Karibu nifungue.”

Ndipo Javan akasikia sauti ya mamake, Filister, aliyetoka Rongo na kuku wa kukaanga. Akakimbilia mlangoni. Ombui akamweleza mgeni yote, kwa adabu.

“Na huko ndani anasemaje?” Filister akauliza.

“Anasema alidanganya, Mama. Ati anaomba msamaha.”

Filister akatua sufuria yake chini.

“Javan wangu? Msamaha?” Kifuniko cha sufuria kikalia, harufu ya kuku ikapenya chini ya mlango. “Huyo si yeye. Msifungue. Kaeni, watoto wangu, tule tukingoja jua.”

Javan akafungua mdomo apige kelele. Akakumbuka mdomo ule si wake tena, akaufunga.